Presha ya mafuta ikikimbia usiku: swichi, valvu, pampu ya ndani au pampu ya nje?

Jioni gari limetoka Kibaigwa bila shida, limepanda, limevuta, limeegeshwa. Asubuhi unapiga stata, injini inazunguka na kuzunguka, haishiki. Unapumzisha betri, unarudia. Mara ya tatu inashika kwa kusitasita, inatoa moshi kidogo, kisha inatulia kana kwamba hakuna kilichotokea, na siku nzima haikusumbui tena. Ukipeleka gereji utaambiwa, "Pampu hiyo, bosi." Uliza pampu gani, ndipo utakaposikia majibu yakibadilika kutoka banda moja hadi jingine: huyu anataka akuwekee kitufe cha kuamshia pampu, yule valvu kwenye bomba, wa tatu pampu kubwa ya ndani ya tangi, wa nne pampu ya nje chini ya bodi.

Ulinganisho huu ni wa hayo majibu manne, na unamhusu mwenye gari la petroli lililobadilishwa: Mark II iliyotolewa D4 (injini ya Toyota inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda) ikawekwa 1G au 1JZ (injini za Toyota za nozeli za kawaida), Hilux iliyopandikizwa injini ya petroli ya gari jingine, Altezza au Subaru iliyoongezwa turbo. Gari ambalo halijaguswa lina jibu jepesi, unarudisha kifaa cha aina ileile kilichokufa. Lililobadilishwa lina tangi la gari moja, injini ya gari la pili na waya zilizoungwa na fundi ambaye pengine ameshahamia Morogoro.

Nisizunguke: kwa hali ya hewa ya Dodoma, pampu iliyozama ndani ya tangi ndiyo ninayoipa kura, na hata hiyo si kwa kila mtu. Kuna wanaohitaji kipande cha mpira tu, na kuna wanaohitaji kurudishiwa waya moja mahali pake.

Presha inakimbilia wapi

Nozeli ya petroli, ile inayopulizia injini mafuta, haina nguvu yake yenyewe. Kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, inaifungua kwa milisekunde chache ikiamini kwamba nyuma yake ipo presha iliyotarajiwa. Toyota nyingi za miaka ya 1990, zenye bomba la kurudisha mafuta tangini, hutaka takribani psi (kipimo cha presha) 38 hadi 44 ukichomoa kibomba cha vakyumu kwenye regyuleta, kifaa kinachopanga presha ya mafuta. Zile za baadaye zisizo na bomba la kurudisha hutaka psi 44 hadi 50. Na kuna namba nyingine ambayo mafundi wengi hawaitazami kabisa: vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka kwamba ukizima injini, dakika 5 baadaye geji iwe bado inasoma psi 21 au zaidi.

Hiyo presha iliyobaki ndiyo inayoliwasha gari asubuhi kwa mguso mmoja. Ikiwa imeisha, pampu inaanza kujaza bomba lote na reli ya nozeli (bomba linalozigawia nozeli mafuta) kutoka sifuri, tena wakati mbaya kuliko wote, kwa sababu stata inapozunguka umeme wa betri unashuka hadi volti 10 hivi na pampu inakwenda polepole. Kwenye gari lililobadilishwa bomba huwa refu kuliko la kiwandani na reli wakati mwingine ni nene zaidi, kwa hiyo kuna nafasi kubwa zaidi ya kujaza.

Milango ya kutorokea ni michache. Kuna valvu ndogo ya njia moja ndani ya mdomo wa pampu. Kuna regyuleta. Kuna nozeli zenyewe, ambazo zikivuja hudondosha petroli ndani ya silinda usiku kucha. Magari yaliyobadilishwa yana mlango wa nne ambao gari la kiwandani ni nadra kuwa nao: kipande cha mpira ndani ya tangi, kati ya pampu na bomba la kutokea, kilichowekwa na mtu aliyekata mpira wa kawaida wa dukani. Mpira wa kawaida umetengenezwa kubeba petroli kwa ndani. Ukizamishwa humo nje na ndani, unavimba, unalainika, unapasuka taratibu chini ya klipu, na presha inavujia tangini bila tone hata moja kuonekana chini ya gari.

Dodoma inaongeza lake. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa hapa inakandamiza petroli kwa zaidi kidogo ya moja ya kumi pungufu ya ilivyo Dar es Salaam, na petroli inageuka mvuke kwa joto dogo zaidi. Oktoba na Novemba, gari lililozimwa likiwa la moto na kuegeshwa juani kule Mtumba kwenye majengo ya wizara, mafuta yaliyomo kwenye reli yanapashwa na injini iliyo chini yake. Presha ikiwepo, yanabaki maji. Presha ikikimbia, yanakuwa mapovu. Ndiyo maana mtu mmoja analalamika kuhusu asubuhi za kipupwe na mwingine kuhusu saa nane mchana, na wote wawili tatizo lao ni moja.

Jaribu kwanza, kwa sababu hapa ndipo hela zinapookolewa

Kwenye Toyota za zamani kuna kiboksi cha plastiki karibu na injini, kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake tafuta matundu ya +B na FP. Gari likiwa limelala usiku kucha, fungua swichi bila kupiga stata, unganisha matundu hayo mawili kwa kipande cha waya kwa sekunde kama tano, utasikia pampu ikivuma. Toa waya, kisha piga stata. Likishika mara moja, umeshajua: injini ni nzima, plagi ni nzima, kinachokosekana ni presha ya kuanzia. Likiendelea kugoma vilevile, funga pochi. Hujafika kwenye pampu bado. Tazama sensa ya joto la maji, plagi, betri, na sensa ya kranki ambayo kwenye injini za kupandikiza huwa imeungwa kwa mkono.

Hatua ya pili inahitaji geji ya presha na koleo la kubania mpira lisilo na meno. Washa gari, lizime, bana mpira wa kurudisha. Presha ikisimama, regyuleta ndiyo inayopitisha. Ikiendelea kushuka, achia huo, ubane mpira unaoleta mafuta kutoka tangini. Ikisimama hapo, tatizo liko nyuma: valvu ya pampu au ule mpira wa ndani ya tangi. Ukibana yote miwili na bado inashuka, ni nozeli, na hakuna pampu duniani itakayozitibu. Bana mpira tu. Bomba la plastiki gumu ukilibana linapasuka.

Kuna kipimo kingine kisicho na gharama: chomoa kibomba cha vakyumu cha regyuleta na unuse. Kikinuka petroli, au kikiwa kimelowa, ngozi ya ndani ya regyuleta imetoboka na injini inanyweshwa mafuta kupitia njia ambayo kontrolboksi haiijui.

Tahadhari moja ambayo siwezi kuiruka, nikikumbuka gereji zetu zilivyo, fundi bodi anachomelea hatua tatu kutoka kwa fundi injini. Kabla ya kufungua bomba lolote, chomoa fyuzi ya pampu injini ikiwa inanguruma na uiache izimike yenyewe. Petroli ya psi 40 hairashi, inaruka. Injini iwe imepoa, betri imechomolewa, kizima moto kiko karibu, na yule wa kuchomelea aambiwe asubiri.

Jibu la kwanza: swichi na kitufe

"Washa swichi, zima, washa, zima, mara tatu, ndiyo upige stata." Ushauri huu ni wa bure na kwenye Nissan na Subaru unafanya kazi, maana kontrolboksi zao huamsha pampu kwa muda mfupi kila swichi inapofunguliwa. Kwenye Toyota nyingi za zamani, zikiwemo nyingi za 1JZ, hautafanya chochote. Pampu yake inapata umeme stata inapozunguka au injini inapokuwa hai, basi. Unaweza kuwasha na kuzima hadi adhana ya alasiri.

Hapo ndipo fundi anapotoa suluhisho la waya: pampu inaungwa moja kwa moja kwenye swichi, ikifunguliwa tu inavuma. Gari linawaka vizuri kweli, na mwenye gari anatoa na ya soda. Mimi silikubali. Mfumo wa kiwandani unakata pampu injini ikizimika, ili gari likipata ajali na bomba likakatika, mafuta yasiendelee kumwagwa juu ya chuma cha moto. Waya wa moja kwa moja umefuta kinga hiyo. Ukitaka pampu iamke kabla ya stata, weka rilei ya muda inayoipa sekunde mbili au tatu kisha inaacha, au kitufe cha kubonyeza kinachorudi chenyewe ukikiachia, na njia ya kawaida ya kontrolboksi ibaki palepale kwa ajili ya injini ikishawaka.

Kitufe ni kipimo kizuri na ni daraja zuri la kufika mwisho wa mwezi. Kasoro yake ni kwamba hakijazuia chochote kuvuja. Kama mvujo uko kwenye nozeli, kila ukibonyeza unaongeza petroli ndani ya silinda, inaosha oili kwenye kuta, inashuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Chomoa dipstiki unuse. Oili ikinuka petroli, kitufe kinakumalizia injini.

Jibu la pili: valvu ya njia moja kwenye bomba

Kifaa chenyewe ni kidogo, cha bei ndogo kuliko vyote vya kununua hapa, na kinafungwa kwa muda wa kunywa chai. Kinaruhusu mafuta kwenda mbele na kuyazuia kurudi. Kikiwekwa kati ya pampu na reli, udhaifu wa valvu ya pampu na wa mpira wa tangini haufiki tena kwenye reli.

Kwenye injini yenye bomba la kurudisha hili ni jibu halali, hasa kama pampu yenyewe bado inasukuma vizuri na mvujo ni wa valvu peke yake. Hakikisha tu ni ya petroli ya presha kubwa. Zile za plastiki za kabureta huwa dukani kwenye kasha lilelile, na muuzaji hatakuuliza unaenda kuifunga wapi.

Kwenye mfumo usio na bomba la kurudisha, ule wenye regyuleta ndani ya tangi, naikataa, na sababu yake haielezwi sana. Injini ikizimwa ya moto, mafuta kwenye reli yanatanuka. Kwa kawaida presha hiyo ya ziada inarudi nyuma kupitia bomba hadi kwenye regyuleta tangini, inapumulia huko. Valvu uliyoweka njiani inaifungia reli pande zote. Presha inapanda, nozeli iliyochoka inashindwa kuizuia, inadondosha, na sasa gari lililokuwa likisumbua asubuhi linasumbua mchana kwa kuzama mafuta. Mwenye gari anaona tatizo jipya, fundi anabadilisha plagi.

Ukiuliza gari lako liko kundi gani: fuata mabomba kutoka kwenye reli. Yakiwa mawili, moja la kuja na moja la kuondoka kupitia regyuleta, una njia ya kurudisha. Likiwa moja, huna. Ila magari yaliyobadilishwa yana kituko chake. Tangi la gari jipya, lenye regyuleta yake ndani, linaungwa na injini ya zamani yenye regyuleta yake kwenye reli, na bomba la kurudisha halina pa kwenda, wameliziba au wameliingiza kwa kulitoboa shingo la tangi. Hapo regyuleta mbili zinagombana. Kabla ya kununua chochote, amua moja ibaki. Kama inabaki ya injini, ile ya tangini itolewe na bomba la kurudisha lijengwe ipasavyo hadi ndani ya tangi.

Jibu la tatu: pampu ndani ya tangi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapokwenda na ndipo panapohitaji maneno mengi.

Pampu iliyozama ina faida mbili ambazo hazinunuliki. Inapozwa na petroli inayoizunguka, na haivuti, inasukuma tu, kwa sababu mafuta yameshaifikia yenyewe. Kwenye mwinuko huu na joto la Oktoba hiyo ya pili ndiyo kubwa. Pampu inayolazimika kuvuta inapunguza presha upande wa kuvutia, na petroli ya moto ikipunguziwa presha inachemka. Pampu haiwezi kusukuma mapovu.

Swali ni ipi. Ya kwanza ni ya aina ileile ya injini uliyopandikiza, iwe mpya au iliyotoka kwenye gari lililokatwa. Kwa injini isiyoongezwa nguvu inatosha kabisa, na nashangaa jinsi inavyodharauliwa. Inakula umeme ambao waya za gari zinaumudu, regyuleta inaijua, na ukipata iliyo nzima, valvu yake ya mdomoni itakaa miaka. Ya mtumba ina bahati nasibu yake, ila unaweza kuipunguza: omba muuzaji aiunge kwenye betri kwa sekunde moja tu usikie sauti yake, tena iwe kavu na mbali na mivuke ya petroli, kisha unganisha kipande cha mpira kwenye mdomo wake wa kutolea na usukume hewa kurudi ndani kwa pampu ya baiskeli. Hewa ikipenya bila upinzani, hiyo valvu imekwisha, na ndicho kitu ulichokuja kununua.

Ya pili ni pampu kubwa ya dukani, ile ya lita 255 kwa saa kama ya Walbro, ambayo kila kijana mwenye turbo anaitaja. Kwa injini iliyoongezwa nguvu kweli, ni chaguo sahihi. Kwa 1G ya kwenda kazini na kurudi Nkuhungu ni mzigo. Inakunywa umeme mwingi zaidi ya ile ya awali, na waya za gari la zaidi ya miaka ishirini zinapoteza volti njiani, hivyo inakuja kusukuma chini ya uwezo wake huku plagi ya tangini ikiungua. Ukiiweka, ipe rilei yake na waya mnene kutoka betri, wenye fyuzi, na rilei hiyo iamrishwe na waya wa zamani wa pampu ili kinga ya ajali ibaki. Tena, regyuleta ya kiwandani na kibomba chembamba cha kurudisha vinaweza kushindwa kuyarudisha mafuta yote hayo injini ikinguruma bila kukanyagwa. Presha inapanda kuliko inavyotakiwa, injini inakula nyingi, plagi zinakuwa nyeusi, na kuwasha likiwa la moto kunakuwa kugumu kuliko ulipoanza. Umebadilisha presha pungufu kwa presha ya ziada. Halafu bidhaa bandia za pampu hizi ni nyingi sokoni. Ukikuta bei ni sehemu ndogo tu ya unayoisikia kila mahali, sanduku peke yake ndilo linalofanana.

Vyovyote uchaguavyo, mpira wa ndani ya tangi uwe ule uliopigwa chapa SAE 30R10, uliotengenezwa kuzama. Ule wenye chapa 30R9 ni mzuri sana, kwa presha ya nozeli, ila mahali pake ni nje ya tangi. Wenye 30R7 ni wa kabureta na presha ndogo. Wote ni weusi, na dukani wanakatwa kwa mita kutoka kwenye rola zinazofanana, kwa hiyo soma maandishi ubavuni. Kipande unachohitaji hakizidi urefu wa kiganja. Ningemwambia mtu yeyote mwenye injini ya kupandikiza afungue tangi na atazame kipande hiki kwanza, kabla hata ya kuuliza bei ya pampu.

Kingine ni tabia. Pampu ya ndani inayoogelea kwenye lita tatu za mwisho haipozwi, na kwenye tangi lililobadilishwa, ambalo kikombe cha kuishikia pampu mafuta mara nyingi kimeachwa pembeni, inavuta hewa kila kona. Wapo wanaoweka mafuta ya elfu kumi elfu kumi wiki nzima wakisubiri EWURA itangaze bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei ikishuka kidogo, waliyookoa yanaishia kwenye pampu. Robo tangi ndiyo iwe chini kabisa.

Jibu la nne: pampu ya nje

Inavutia kwa sababu hushushi tangi. Inafungwa chini ya bodi, fundi anaifikia akiwa amelala chali, na ikifa njiani baina ya hapa na Manyoni unaibadilisha kivulini chini ya mbuyu. Kwa gari la mbio lenye tangi dogo la kati ambalo hujazwa na pampu nyingine, pampu ya nje ya presha kubwa, mfano zile za Bosch, ndiyo mpango unaoeleweka.

Tatizo ni inavyofungwa huku kwetu: peke yake, juu ya usawa wa mafuta, ikinyonya kupitia mpira mwembamba uliotoka kwenye pampu ya zamani iliyokufa na kuachwa humohumo. Pampu hizi ni hodari wa kusukuma na wavivu wa kunyonya. Zinataka mafuta yaje kwa mteremko, kwa mpira mnene. Ukiongeza joto la lami ya Oktoba likipanda kutoka chini, unapata gari linalokohoa kwenye mlima na kugoma kuwaka baada ya kusimama kwa chakula. Vumbi nalo linaingia kwenye viungo vya umeme. Na kelele yake, kwa gari la familia, utaichoka kabla hujafika Gairo.

Kuhusu presha ya usiku, ina valvu kwenye mdomo wake, inazuia vizuri ikiwa mpya. Kwa hilo haina ubaya. Nyingi zinazofungwa, hata hivyo, si mpya.

Kwa kutazama upande kwa upande

| Chaguo | Inatibu | Haitibu | Joto la Oktoba | Gharama |
|---|---|---|---|---|
| Kitufe au rilei ya muda | Kuchelewa kuwaka asubuhi | Mvujo wenyewe; nozeli huzidisha | Husaidia kuondoa mapovu kwenye reli | Ndogo kabisa |
| Valvu ya njia moja | Valvu ya pampu, mpira wa tangini | Regyuleta, nozeli, pampu dhaifu | Salama tu penye bomba la kurudisha | Ndogo |
| Pampu ya ndani ya aina ileile | Valvu na usukumaji | Regyuleta, nozeli | Nzuri kuliko zote | Ya kati |
| Pampu ya ndani kubwa | Njaa ya mafuta kwenye turbo | Regyuleta, nozeli, waya chakavu | Nzuri, ikiwa regyuleta inaimudu | Kubwa, pamoja na waya |
| Pampu ya nje | Usukumaji bila kushusha tangi | Regyuleta, nozeli | Mbaya isipopata mteremko | Ya kati hadi kubwa |

Regyuleta imejitokeza mara nyingi kwenye safu ya tatu, basi niiseme kwa ufupi. Ya kiwandani iliyo nzima ni bora kwa gari la barabarani. Zile za kurekebisha kwa skrubu zina maana pale ulipoweka pampu kubwa, na za bei nafuu hazishiki presha injini ikizimwa. Utakuwa umenunua tatizo ulilokuja kulitibu. Pia kuna kivalvu cha umeme ambacho baadhi ya injini za Toyota zilikuja nacho kwenye njia ya vakyumu ya regyuleta, kazi yake kupandisha presha kwa muda ukiwasha gari likiwa la moto. Wakati wa kupandikiza injini hukatwa kwa sababu hakuna ajuaye kinafanya nini. Kama shida yako ni ya mchana tu, na asubuhi gari linawaka vizuri, kitafute hicho kabla ya pampu.

Nani achukue lipi

Mwenye Mark II iliyotolewa D4: shuku tangi. Pampu iliyobaki humo ilikuwa ya kulisha pampu nyingine ya presha kubwa kwenye injini, na injini mpya haina pampu hiyo ya pili. Chukua pampu ya ndani inayolingana na injini iliyopo, mpira wa 30R10, na uhakikishe suala la bomba la kurudisha. Valvu usiinunue.

Mwenye turbo anayeongeza upepo kila baada ya miezi: pampu kubwa ya ndani, waya na rilei, regyuleta ya maana, vyote kwa pamoja. Ukinunua pampu mwezi huu na vingine "nikipata", endesha na ile ya zamani hadi ukamilishe.

Asiye na hela sasa hivi na jaribio limeonyesha valvu ya pampu: kama ana bomba la kurudisha, valvu ya njia moja na aendelee na maisha. Kama hana, kitufe au rilei ya muda hadi apate pampu.

Aliyefunga mfumo wa gesi Dar es Salaam akahamia huku anajiona hahusiki. Anahusika. Mifumo mingi hiyo huwasha gari kwa petroli kwanza ndipo ihamie kwenye gesi, kwa hiyo presha ya petroli ikikimbia usiku naye atagoma kama wengine. Na kwa kuwa hajali tena petroli, tangi lake huwa karibu tupu huku pampu ikiendelea kuzunguka. Ajaze hadi nusu, aulize kama pampu inazimwa gari likiwa kwenye gesi.

Land Cruiser za dizeli zilizoongezwa tangi la pili ni habari nyingine. Huko asubuhi hupotezi presha, unaingiza hewa upande wa kuvutia, mara nyingi kwenye swichi ya kubadilisha matangi au kwenye filta ya ziada. Weka kipande cha mpira angavu kabla ya pampu ya injini utazame mapovu, na kama ukisukuma pampu ya mkono juu ya filta gari linawaka, umepata jibu bila kununua kitu.

Na Hilux ya mzigo inayokwenda Kondoa au kushuka Mtera kila wiki: ndani ya tangi, ya aina ileile, na ya pili ibebwe kama spea. Kata tundu la kuifikia kutoka juu kwenye sakafu ya bodi, tangi likiwa limeshushwa kwanza na limewekwa mbali, kisha liwekewe kifuniko cha skrubu ili siku ya kubadilisha usishushe mzigo mzima. Kwenye mfuko wa spea hiyo tia pia kipande cha 30R10 na klipu mbili. Mpira wa kawaida utaupata njiani, huo usiutegemee.